Uzi Kwenye Kola

Fundi pancha wa jirani alipiga mluzi mara mbili, na ua mzima ukashikwa na kiwewe. Mluzi mmoja ulikuwa salamu tu. Mluzi wa pili ulimaanisha halmashauri.

Mama Uzi hakuuliza wako wangapi. Alikung'uta povu mikononi, akaanza kuanua nguo mbio mbio: mashati ishirini na matatu ya madereva, suruali, fulana, taulo moja kuukuu, vyote vikichuruzika maji. Mumewe alimwagia maji mkaa wa pasi, moshi ukamvaa usoni, akaisukuma pasi chini ya kitanda huku akikohoa, kisha akarudi kukunja kamba. Mabeseni yaligeuzwa chini juu yakawa viti. Haikupita dakika tano, na ua uliokuwa ukifulia nusu ya foleni ya malori ukawa ua wa watu wasio na shughuli yoyote duniani.

"Mama, kitandani!"

Mama mkwe wake alikuwa keshafika. Katika zoezi lile kazi yake ilikuwa kuumwa, na aliifanya kwa moyo wote. Nguo mbichi zilitandazwa juu ya godoro, shuka juu ya nguo, na bibi juu ya shuka, blanketi mpaka kidevuni.

"Maji yananiingia mgongoni," alinong'ona.

"Kaza roho, mama. Hawakai hao."

Waliingia wawili, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Mmoja alikuwa kijana mwenye karatasi, wa pili ameshika utepe wa kupimia. Walibisha hodi, wakaamkia vizuri, wakangoja kukaribishwa. Hapo tu Mama Uzi angepaswa kushtuka, maana mgambo wa halmashauri hawakuwa na desturi ya kubisha hodi.

"Mama, hapa mnafanya biashara gani?" kijana aliuliza.

"Biashara? Sisi?" Mama Uzi alicheka kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa ndege yake ameiegesha wapi. "Mwanangu, hapa tunauguza tu."

Kutoka ndani bibi aliachia mguno mrefu wa kufa na kupona. Kijana alichungulia mlangoni, akaona blanketi linatetemeka, akarudi nyuma kwa adabu. Akaandika. Mwenzake akapima kuta, akahesabu mabati, akaingia mpaka chooni. Mwisho kijana alimgeuzia mume karatasi, na mume, aliyekuwa tayari kutia sahihi hati yoyote mradi watu wale waondoke, akatia.

"Pole na mgonjwa," kijana alisema, na wakaenda zao.

Waliposhika njia, wote watatu wa nyumba ile walicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi alitoka nje nguo zimemgandia mwilini, amelowa kama aliyenyeshewa, akidai apewe chai.

"Safari hii hata ya soda hawakuomba," mume alisema. Alilisema kwa furaha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Barabara kuu ilipita mbele ya nyumba yao ikiwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ilikwenda kukwama kwenye geti la mpaka. Malori yalipanga foleni ya kilomita nane, siku tatu, na mwisho wa mwezi siku nne au tano. Dereva haachi lori lake. Analala humo, anakula humo, anatoka jasho humo, na siku ya tatu hata yeye mwenyewe hajipendi.

Ndipo Mama Uzi alipopata kazi. Alipokea nguo kwenye mkia wa foleni na kuzirudisha kwenye kichwa cha foleni. Alimtazama dereva, akaitazama foleni ilivyosogea tangu asubuhi, akamwambia, "Wewe Alhamisi saa nne utakuwa kwenye mizani. Nitakuletea hapo." Alhamisi saa nne dereva alikuwa kwenye mizani, na mashati yake yalikuwa yamenyooshwa na kukunjwa. Hakuandika jina la mtu wala namba ya gari. Kila mteja alikuwa na uzi wake, mishono miwili mitatu ndani ya kola: wa huyu wa kijani wenye mafundo mawili, wa yule mwekundu mtupu, wa mwingine mweupe na mweusi umesokotwa pamoja. Wengi hawakuufumua, kwa kuwa walijua watarudi. Hilo jina la Mama Uzi walimpa wao, na hata mumewe alishasahau kumwita jingine.

Leseni alikuwa ameiomba mara tatu. Mara zote aliambiwa biashara ni jengo, kufua uani si jengo. Lakini mgambo walipopita hawakukumbuka habari za jengo. Walibeba mabeseni. Kwa miaka tisa walishabeba mabeseni kumi na moja na pasi mbili, na ndiyo sababu mluzi wa pili ulikuwa na nguvu kiasi kile.

Baada ya wiki mbili orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa mizani. Barabara itapanuliwa, njia nne, ili kuondoa msongamano wa malori. Nyumba zote zenye namba nyekundu zitabomolewa. Malori hayatapanga tena foleni barabarani. Yatangojea kwenye kituo kipya, kilomita kumi na mbili nyuma, mpaka yaitwe. Kituoni kutakuwa na mabomba ya maji na vibanda arobaini, na vibanda watapewa wenye biashara waliohamishwa.

Mama Uzi alisoma kwa kidole mpaka namba arobaini na sita, namba nyekundu iliyopakwa kwenye ukuta wake asubuhi ile.

*Nyumba, vyumba viwili, bati. Choo cha shimo. Wakazi watatu, mmoja mgonjwa. Biashara: hakuna.*

Alisoma tena. Yule kijana hakuwa mgambo, alikuwa mthamini wa barabara, na wao kwa akili zao wenyewe walikuwa wamejifuta.

Fundi pancha alikuwa amesimama pembeni yake. Mstari wake ulisema: *Biashara: ndiyo.* Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wewe mbona hukuficha?" Mama Uzi alimuuliza.

"Matairi ni mazito, shemeji," alisema kwa aibu. "Siku ile nilichoka. Nikasema potelea mbali, wayachukue."

Dereva mmoja kijana, aliyekuwa akipita na chupa ya maji, aliinama kusoma ule mstari wa arobaini na sita, akacheka. "Hawa hawana biashara, wana mgonjwa tu. Au biashara yao ni ugonjwa?" Watu kadhaa walicheka naye. Mama Uzi alipita katikati yao bila kugeuka, lakini masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Chini ya orodha palikuwa na maandishi madogo: *mwenye pingamizi afike kwenye hema la mradi.* Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Tuache," mume alisema jioni ile. Alikuwa anapiga pasi, mgongo umepinda upande. Zamani alikuwa mpakuzi wa mizigo forodhani, na gunia moja lilimwachia mgongo ule. "Wametuandikia nyumba, tuchukue pesa ya nyumba. Ukienda kusema ulikuwa na biashara, wa kwanza kusikia atakuwa mtu wa mapato. Atakuuliza ya miaka tisa."

"Aulize."

"Utamjibu nini?"

"Sijui. Lakini mimi si 'hakuna'. Nimefua mpaka kucha zimelainika, halafu niandikwe hakuna?" Alimwonyesha vidole. "Na pesa ya nyumba tutakula miezi mingapi? Ikiisha utarudi kubeba magunia kwa mgongo huo?"

Mume alipulizia majivu ya pasi, akaendelea na kola. Hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Woga aliokuwa nao ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa pasi mbili mbele ya mkewe, akasema ahsante.

Ndani bibi alikohoa. Safari hii hakuwa anaigiza. Tangu siku ile ya kulalia nguo mbichi kifua kilimbana, na kikohozi hakikumwacha.

"Ni mimi," alisema kutoka gizani. "Ningeinuka tu nikamwamkia yule kijana, angeona yaliyokuwa chini yangu."

"Mama, lala."

"Nilale tena? Kulala ndiko kulikotufikisha hapa!"

Hema la mradi lilikuwa kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye foleni. Ndani palikuwa na meza mbili. Kwenye ya kwanza aliketi yule kijana mthamini. Kwenye ya pili, kama mume alivyotabiri, aliketi afisa mapato, mtu mzima mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mfukoni. Mama Uzi na mumewe walikuta watu kumi na tano mbele yao. Zamu ilipofika, mthamini alifungua faili, na akazikumbuka sura zao mara moja.

"Namba arobaini na sita. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Sasa ndiyo anaumwa kweli," Mama Uzi alisema. "Siku ile alikuwa mzima. Alikuwa amelalia mashati ishirini na matatu."

Hema lilicheka. Mthamini hakucheka. Alizungusha faili, akaweka kidole kwenye sahihi ya mume.

"Mama, nilikuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu. Ukaniambia mnauguza. Baba akatia sahihi. Sasa mmesikia kuna vibanda, mmekuwa wafanyabiashara. Leo ni mtu wa ishirini ananiambia hivyo. Una leseni?"

"Sina."

"Risiti? Daftari? Picha?"

"Sina."

"Basi una nini?"

Nyuma yao mtu aliguna kwamba wanapotezewa muda. "Toka nje na mimi," Mama Uzi alisema. "Hatua mia tu. Kama sikukuonyesha, nitatia sahihi hiyo 'hakuna' yako mara ya pili."

Huenda kijana alichoshwa na joto la hema, huenda alikuwa na udadisi. Alichukua karatasi yake, akatoka. Afisa mapato naye akainuka, na watu wa hema wote wakafuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa.

Mama Uzi aligonga mlango wa lori la kwanza. Dereva alitoa kichwa.

"Samahani kaka. Geuza kola yako."

"Nigeuze nini?"

"Kola. Tuone ndani."

"Mama, una akili kweli? Nimekaa hapa siku mbili, halafu uje kunivua nguo?" Akapandisha kioo.

Watu waliangua kicheko. Kwenye lori la pili dereva aligeuza kola bila kinyongo, lakini shati lilikuwa jipya, ndani mna karatasi ya dukani tu. Mthamini alitazama saa. Mume alikuwa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa. Mama Uzi alihisi jasho linamshuka mgongoni, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi anavyoonekana: mwanamke mtu mzima anayeomba wanaume barabarani wageuze kola. Angeweza kurudi. Akapiga moyo konde, akaenda lori la tatu.

Hilo alilitambua kwa mkwaruzo wa ubavuni. Lilikuwa la mzee mmoja ambaye foleni nzima ilimwita Bwana Kesho, kwa kuwa kila ukimuuliza anavuka lini, hujibu kesho.

"Mama Uzi! Leo umekuja na msafara? Nimekuwa waziri?"

"Geuza kola, mzee wangu."

Alifungua kifungo, akaikunja kola nje. Uzi wa kijani, mafundo mawili.

"Mwaka wa saba huu," Bwana Kesho alimwambia mthamini, bila kuulizwa. "Shati hili limefika bandari tatu. Mke wangu aliwahi kuniuliza uzi wa nani huu, nusura anifukuze. Kuna nini?"

"Wanasema sifui," Mama Uzi alisema.

Bwana Kesho aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akaingiza mkono ndani, akakandamiza honi, hakuiachia. Akapaza sauti kuelekea nyuma: "Wenye uzi! Shukeni! Wanasema Mama Uzi hafui!"

Milango ilianza kufunguka. Walishuka wakiwa na ndala, na soksi, na mswaki mdomoni. Mmoja alikuja kifua wazi, shati mkononi, kola mbele. Nyuzi nyekundu, nyeusi, za kijani, buluu ya fundo moja, buluu ya mafundo matatu. Mwingine hakuwa amevaa shati lenye uzi, akapanda tena kabini akarudi na mfuko mzima. Hata yule wa lori la kwanza alishusha kioo kuona kulikoni. Mthamini alihesabu kola mpaka thelathini na moja, akaacha kuhesabu.

"Ni biashara," alisema polepole.

"Tena kubwa," afisa mapato alidakia. Alikuwa anatabasamu, na kalamu moja ilikuwa imeshatoka mfukoni. "Mwaka wa saba, mzee anasema. Wewe mwenyewe unasema mingapi, mama?"

Kelele zilikatika. Mume alipenya kati ya watu, akamshika mkewe mkono. "Sema mmoja," alimnong'oneza. "Au twende nyumbani."

"Tisa," Mama Uzi alisema.

"Safi. Basi mwenzangu akiandika 'ndiyo', na mimi naandika yangu. Ushuru wa miaka tisa, na faini ya kuficha." Akataja jumla. Ilizidi bei ya kuta zao na mabati yao kwa pamoja. "Au tuiache 'hakuna' kama ilivyo, kila mtu aende salama. Chagua wewe."

Huo ndio mtego, na kila aliyekuwepo aliuona. Mama Uzi aliuchomoa mkono wake kwa mume, taratibu, akajipangusa viganja kwenye sketi.

"Andika," alimwambia mthamini.

"Mama, fikiria—"

"Nimefikiria tangu ulipokuwa shule. Andika ndiyo." Kisha akamgeukia afisa mapato. "Na wewe andika zako. Nitalipa, nitalipa kwa kufua, mwezi kwa mwezi, kwenye kibanda chenye bomba. Lakini leseni niliomba kwenu mara tatu, mkanifukuza mara tatu. Liandike hilo. Andika pia mabeseni kumi na moja na pasi mbili mlizobeba uani kwangu. Kama nilikuwa sina biashara, mlibeba kwa kosa gani? Na kama nilikuwa nayo, risiti zangu ziko wapi? Tukatane hayo kwanza, ndipo unitajie jumla."

"Haswa!" fundi pancha alifoka kutoka nyuma. Honi tatu nne zilijibu.

Afisa mapato alifungua mdomo, akatazama foleni ya wanaume wenye kola nje, akaufunga. Akasema jambo kuhusu utaratibu na ofisi kuu, akarudi hemani kwa haraka isiyolingana na tumbo lake.

Mthamini aliweka karatasi juu ya bampa la Bwana Kesho. Alikata neno moja, akaandika jingine, akatia tarehe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto wa nyumbani, "Lakini mama, siku ile kwa nini hukuniambia tu?"

"Mwanangu, miaka tisa watu wenye vizibao kama chako wanakuja kuchukua. Siku moja mmoja anakuja kuandika. Ningemjuaje?"

Kijana aliangalia kizibao chake.

Walipokaribia nyumbani mume alipunguza mwendo. "Umetuingiza kwenye deni," alisema.

"Nimetuingiza kwenye orodha," alijibu.

Barua ya kuhama ilitaja mwisho kuwa Jumatano, saa sita mchana. Siku hiyo tingatinga lilifika saa mbili asubuhi, na msimamizi wake, na mgambo wawili wa kulinda usalama. Vyombo vilikuwa vimeshapakiwa kwenye mkokoteni. Hati ya kibanda ilikuwa kifuani kwa Mama Uzi, ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye hati ile ile deni lilikuwa limeandikwa, limekatwa kidogo kwa ajili ya mabeseni, kidogo sana. Lakini kamba bado zilikuwa juu, zimejaa nguo mwisho hadi mwisho.

"Mama, anua hizo, tunaanza," msimamizi alisema.

"Barua inasema saa sita."

"Saa sita, saa mbili, tofauti iko wapi? Nyumba si inakwenda tu?"

"Inakwenda saa sita. Nguo za watu hazijakauka."

Msimamizi alimpungia dereva wa tingatinga mkono: twende. Injini ilinguruma. Mama Uzi hakusogea. Alisimama katikati ya mashati, mikono kiunoni, na mumewe, ambaye miaka yote hiyo angekuwa ameshakunja kamba, alitoka nyuma ya mkokoteni akasimama kando yake. Mkononi alikuwa na pasi. Ilikuwa na mkaa ndani, na mkaa ulikuwa unawaka.

Injini ilizimika. Dereva wa tingatinga aliteremka, akaja mpaka kwenye kamba, akanyoosha kidole.

"Bosi, ile ovaroli ya buluu ni yangu. Nilimpa juzi."

"Ichukue basi, upande!"

Dereva aliishika mguu. "Mbichi," alisema.

Mama Uzi alikunja kola ya ovaroli, akamwonyesha msimamizi uzi wa rangi ya chungwa, mpya kabisa. Akabinya mshono wa begani, akatikisa kichwa. "Saa nne na nusu, jua likiwa hivi. Halafu kuna kupiga pasi."

"Mimi naweza kungoja," dereva alisema, akaenda kukaa kwenye kivuli cha mashine yake.

Msimamizi alizunguka, akapiga simu, akatukana hewani, akapiga tena. Mmoja wa mgambo, ambaye mikono yake ilikuwa imeshabeba angalau mabeseni manne ya ua ule, alisogea mlangoni kuhakikisha ndani hamna mtu. Akamkuta bibi ameketi kizingitini juu ya beseni, mgongo wima, kikombe cha chai mkononi, anafyonza polepole.

"Bibi, si wewe uliyekuwa mahututi kila tukija?"

Bibi alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Leo siumwi," alisema, akanywa chai yake.